Nani Afute Objekti?

SWALI: Programu ya soko la samaki Kilwa Kivinje inaita maktaba inayotengeneza stakabadhi ya kila mzigo. Asubuhi inakwenda vizuri. Ikifika jioni kompyuta inakuwa nzito, kisha programu inakatika na mizigo ya mwisho haikuandikwa. Eleza chanzo na tiba.

Usikimbilie kuandika "virusi". Kila stakabadhi ni objekti iliyopewa nafasi katika kumbukumbu. Isipofutwa baada ya kuchapwa, inaendelea kuishikilia nafasi hiyo mpaka programu ifungwe. Huko ndiko kuvuja kwa kumbukumbu. Stakabadhi moja si kitu. Za kutwa nzima ni habari nyingine.

Chanzo ni rahisi. Alama ziko kwenye tiba: nani afute?

Chukua safari ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani. Nahodha akikupa jaketi okozi gatini Kilwa Masoko, ukirudi unamkabidhi yeye, si nahodha wa boti ya jirani, hata kama majaketi yanafanana. Kila boti ina hesabu yake.

Maktaba nazo ndivyo zilivyo. Katika lugha ya C unaomba kumbukumbu kwa malloc na kuirudisha kwa free. Lakini maktaba inaweza kuwa na ghala lake la kumbukumbu, hasa katika Windows. Ukitumia free yako kwa kitu kilichotoka ghala hilo, programu inaweza kuanguka. Tena kosa hili ni janja: linaweza kujificha kwenye Linux ya shuleni, likajitokeza kwenye Windows ya sokoni.

Kwa hiyo kiolesura cha kutumika kwenye mifumo mingi hutoa fanksheni mbili pamoja, ya kuunda na ya kufuta. SQLite ina sqlite3_open na sqlite3_close. Angalia mtego: hata sqlite3_open ikishindwa, kishikio ilichokupa unatakiwa kukipitisha kwenye sqlite3_close.

Objekti ikitumiwa na sehemu nyingi, huwekewa hesabu ya watumiaji. Katika COM ya Microsoft, AddRef huongeza moja na Release hupunguza moja. Hesabu ikifika 0, objekti hujifuta. Ukiita Release mara mbili kwa bahati mbaya, utamfutia mwenzako anayeitumia bado.

JARIBU: sqlite3_exec imekupa ujumbe wa kosa. Utaufuta kwa free au kwa sqlite3_free? Toa sababu. (Alama 4)