Chokaa Kabla ya Vifaranga: Somo kwa Wenye Vidimbwi Vipya Musanda

Mkulima anayechimba kidimbwi chake cha kwanza cha samaki katika wadi ya Musanda, kaunti ndogo ya Mumias Magharibi, huwa amekwisha kupiga hesabu ya mambo mengi: malipo ya vibarua, vifaranga, chakula, wavu wa kuzuia ndege. Jambo ambalo husahaulika kwa urahisi ni asidi ya udongo. Kidimbwi cha mita mraba 300, kipimo kilichoenea nchini tangu mpango wa serikali ya kitaifa wa kufufua uchumi wa mwaka 2009, hupokea vifaranga 900 hadi 1,000. Wakitiwa kwenye maji yenye asidi nyingi, wengine hufa siku za kwanza na waliosalia hudumaa. Mwenye kidimbwi humlaumu aliyemuuzia vifaranga, au chakula, au jicho la jirani.

Asidi hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, kinachoanzia 0 hadi 14. Saba ni katikati, na kadiri nambari inavyoshuka chini ya hapo ndivyo asidi inavyoongezeka. Kushuka kwa nambari moja si jambo dogo: maji ya pH 5 yana asidi mara 10 kuliko ya pH 6. Tilapia na kambare hustawi pH ikiwa kati ya 6.5 na 9. Chini ya hapo hukua polepole hata wakilishwa vizuri, ikishuka chini ya 5 huacha kuzaana, na ikifika 4 hufa.

Udongo wa eneo hili una asidi kwa sababu zinazojulikana. Mvua nyingi huosha madini ya kalisi na magnesi na kuyapeleka chini. Juu ya hilo, mashamba mengi yamelimwa miwa na mahindi kwa miongo kadhaa (kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973) kwa mbolea kama DAP na urea, ambazo huongeza asidi zikitumiwa mwaka baada ya mwaka bila chokaa. Hapa ndipo mwenye kidimbwi kipya anapoweza kukosea. Huenda shamba lake la mahindi lilipimwa, likatiwa chokaa, akaamini kwamba kidimbwi kilicho kando yake kiko salama. Lakini anayechimba mita moja hufika kwenye udongo wa chini ambao chokaa haikuufikia kamwe, na ambao mara nyingi una asidi kuliko ule wa juu. Udongo wa kupimwa ni wa sakafu ya kidimbwi, baada ya kuchimba na kabla ya kujaza maji. Chota kidogo kutoka sehemu nane au kumi, changanya kwenye ndoo safi, kisha peleka nusu kilo kupimwa. Afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo atamwelekeza mkulima pa kuupeleka.

Kidimbwi chenye asidi pia hujitambulisha chenyewe. Mkulima hutia samadi akingoja maji yawe ya kijani, lakini hubaki maangavu wiki baada ya wiki. Fosforasi iliyo katika mbolea imeshikwa na udongo wenye asidi, na vimelea vidogo vya kijani ambavyo ni chakula cha vifaranga havipati kitu. Kuongeza samadi nyingine hapo ni kupoteza bure.

Anayepima maji mwenyewe kwa karatasi za kupimia pH apime mara mbili kwa siku, alfajiri na kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Usiku viumbe vyote majini hupumua na kutoa kaboni dayoksaidi, ambayo huongeza asidi. Mchana mimea huitumia na pH hupanda. Aliyepima alasiri pekee anaweza kuona 7.5 akaridhika, ilhali alfajiri samaki wake walikuwa kwenye 5.5. Maji ya bahari hayayumbi hivyo. Hubaki karibu na pH 8.1 kwa sababu yana bikaboneti ya kuhimili asidi. Maji ya mvua na ya vijito vinavyopita kwenye udongo uliooshwa yana kiasi kidogo sana cha bikaboneti, na chokaa ndiyo inayoyaongezea.

Chokaa inayohitajika ni ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, kama yale yanayochimbwa Koru katika kaunti ya Kisumu. Kwa kidimbwi cha mita mraba 300, udongo wenye pH chini ya 5 huhitaji takriban kilo 90, ambazo hazifiki mifuko miwili ya kilo 50. Udongo wa pH kati ya 5.5 na 6 huhitaji takriban kilo 60, na ulio kati ya 6.5 na 7 kilo 30. Chokaa hunyunyizwa sakafuni na kwenye kingo za ndani kidimbwi kikiwa kitupu, kisha huchanganywa na udongo wa juu kwa reki. Baada ya hapo maji hujazwa, mdomo wa kutolea maji hufungwa ili chokaa isichukuliwe, na mkulima husubiri takriban wiki mbili kabla ya kutia samadi. Chokaa na mbolea zikitiwa pamoja, kalisi huishika fosforasi, na maji hukawia kuwa ya kijani. Vifaranga huja mwisho, maji yakishakuwa ya kijani.

Chokaa ya kupaka ukuta si badala yake. Ni kali, na hupandisha pH haraka hadi kupita 10, kiwango kinachoua samaki. Jivu nalo hupunguza asidi, lakini nguvu yake hutofautiana kwa aina ya kuni, na hakuna anayeweza kukadiria atie debe ngapi. Ikiwa samaki wamo tayari na maji yana asidi, chokaa ya kilimo inaweza kukorogwa ndooni na kumwagwa juu ya maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Haina haraka, na upole huo ndio faida yake.

Wenye vidimbwi vilivyotandikwa plastiki wapime maji badala ya udongo. Maji ya kisima yakionyesha pH ya chini, jaza ndoo mbili, moja iache itulie na nyingine uikoroge mara nyingi kwa siku nzima. Ikiwa pH imepanda katika ndoo iliyokorogwa, tatizo kubwa lilikuwa kaboni dayoksaidi ya chini ya ardhi, na kuyaacha maji yaanguke kutoka juu yanapojaza kidimbwi kutasaidia. Isipopanda, yanakosa madini, na chokaa bado inahitajika.

Baada ya kila mavuno, kidimbwi kikikaushwa, udongo wa sakafu upimwe tena; kiasi cha chokaa cha msimu wa pili huwa kidogo kuliko cha kwanza.