Umekesha kambini? Dharura haijafuta ovataimu yako

"Kwenye maafa hakuna ovataimu, dada. Watu wamekufa, wewe unadai hela?"

Ndivyo alivyojibiwa muuguzi mmoja alipoingia kwa afisa utumishi wa halmashauri yake kuulizia malipo ya saa za ziada. Ameniandikia barua ndefu, naifupisha. Mto ulipovunja kingo, wananchi walihifadhiwa kwenye madarasa ya shule ya msingi. Usiku huohuo jina lake likatokea kwenye kundi la WhatsApp la idara: walioorodheshwa waripoti kambini saa moja asubuhi. Alifanya kazi pale siku kumi na nane, akiingia saa moja asubuhi na kutoka saa nne usiku, Jumapili zikiwamo. Mwishowe akalipwa posho ya kujikimu ya siku tano. Karatasi aliyosainia ilikuwa na jina lake na nafasi ya saini. Safu ya siku na safu ya kiasi zilikuwa tupu. "Mhasibu atajaza," akaambiwa.

Anauliza kama kweli dharura inafuta haki yake. Haifuti. Na wanaosema inafuta huwa wamesoma nusu ya kifungu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu watumishi wa umma wa Tanzania Bara, isipokuwa waliomo katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na JKT. Kifungu cha 19 wengi mnakijua: saa za kawaida ni tisa kwa siku na 45 kwa wiki, mtu asifanyishwe kazi zaidi ya saa kumi na mbili kwa siku, ovataimu iwe kwa makubaliano na isizidi saa 50 katika kila wiki nne, na ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi.

Nusu wanayoisoma maafisa ni kifungu cha 17(2). Kinasema baadhi ya masharti hayo hayatumiki kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanywa ndani ya saa za kawaida. Lakini masharti yanayoondolewa yametajwa kwa namba, na kwa kifungu cha 19 ni kijifungu cha (1) na cha (3) tu, yaani ukomo wa saa kumi na mbili, ulazima wa makubaliano na ukomo wa saa 50. Kijifungu cha (5), kinachoamuru malipo ya mara moja na nusu, hakimo kwenye orodha hiyo. Bunge lilimruhusu mwajiri akuweke kazini muda mrefu kuliko kawaida mto unapofurika. Halikumruhusu akuweke bure.

Katiba nayo inafuata mkondo huohuo. Ibara ya 25 inasema kazi inayolazimu kufanywa kwa sababu ya hali ya hatari au baa linalotishia uhai wa jamii haihesabiwi kuwa kazi ya shuruti. Kwa hiyo ukiitwa, nenda. Usije ukasusa kambi kwa kuwa posho haijatoka, utaharibu kesi yako na kuumiza wasio na hatia. Lakini ibara ya 23 inasema kila afanyaye kazi anastahili malipo ya haki. Kuitwa ni jambo moja, kulipwa ni jingine.

Isitoshe, dharura ina mipaka yake. Sheria inazungumzia kazi ya dharura *isiyoweza* kufanywa ndani ya saa za kawaida. Kumtoa mama kwenye tope usiku wa manane ni dharura. Kuhesabu mablanketi na kujaza rejista ya misaada katika wiki ya tatu, wakati ofisini wapo watumishi wa kupokezana zamu, ni upangaji mbovu tu. Hapo ukomo wa saa kumi na mbili unarudi, na makubaliano yanarudi pia. Iwe dharura au isiwe, hakuna mlango ambao mwajiri anatokea bila kulipa.

Tupige hesabu, maana afisa akiona tarakimu husikiliza zaidi. Tuseme muuguzi ana mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 kwa mwezi. Jedwali la sheria linaugawa kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. Nitatumia 45, ingawa ofisi nyingi za serikali hufanya kazi saa 40, ili asitokee wa kusema nimempendelea mdai. Inakuja kama shilingi 4,000 kwa saa. Mara moja na nusu ni 6,000. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, ukitoa saa moja ya mapumziko, ni saa 14. Tisa za kawaida, tano za ziada. Hizo ni 30,000. Saa mbili za mwisho, kuanzia saa mbili usiku, zimeingia kwenye kazi ya usiku, na kifungu cha 20 kinaongeza asilimia tano, inayopigwa juu ya kiwango cha ovataimu: 600 nyingine. Siku moja ya kawaida ya kazi kambini ni shilingi 30,600 juu ya mshahara. Jumapili zihesabuni peke yake, kwa sababu kazi ya siku ya mapumziko ina kiwango cha mara mbili, na hapo mwajiri atabisha kwamba dharura imeondoa haki ya kupumzika. Mwacheni abishe kwa maandishi.

Sasa mtego wenyewe, ambao nimeuona ukinasa watu tena na tena: posho. Mhasibu anamwambia mtumishi, "Si ulikula posho? Hiyo ndiyo ovataimu yako." Si kweli. Posho ya kujikimu ni chakula na malazi ya mtu aliye nje ya kituo chake. Ovataimu ni ujira wa kazi. Aliyelala kwenye dawati la darasa la nne akala ugali wa kambi bado amefanya kazi saa tano za ziada, na aliyelala hotelini pia. Kuna pia posho ya kazi za ziada, ambayo ofisi nyingi hulipa kwa siku badala ya kuhesabu saa. Viwango vilipopandishwa kuanzia Julai 2022, kima cha chini kilitoka shilingi 15,000 hadi 30,000. Hiyo ukilipwa, ipunguze kwenye hesabu yako na udai kilichobaki. Waraka wa ofisi unaweza kukupa zaidi ya sheria, hauwezi kukupa pungufu.

Na ile karatasi yenye safu tupu? Mara nyingi mtu mmoja huchukua masurufu ya kambi nzima, na ili ayarejeshe vizuri vitabuni anahitaji saini zenu. Saini ikishapatikana, siku tano kwako zinaweza kuwa kumi na nane kwenye hati ya malipo, na tofauti isijulikane ilikokwenda. Huo si uzembe wa mahesabu. Ni wizi wa fedha za waliofikwa na maafa, na mahali pake ni TAKUKURU. Kabla ya kusaini, jaza mwenyewe siku na kiasi kwa wino, kisha piga picha. Wakikataa, andika pembeni ya saini yako "nimepokea shilingi kadhaa, siku tano". Kama ulishasaini karatasi tupu, dai lako halijafa. Viwango vya chini vya sheria ni sehemu ya kila mkataba wa ajira, na saini ya kupokea sehemu haifuti deni lililobaki. Ila umejiongezea kazi ya ushahidi.

Ushahidi ndio unaowaangusha wengi. Barua ya kupangiwa kazi haipo, kwa sababu maafa hayasubiri dokezo lisainiwe. Basi ule ujumbe wa WhatsApp ndio barua yako. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ushahidi wa namna hiyo, kwa hiyo usibadili simu kabla hujauhifadhi. Daftari la mahudhurio la kambi, rejista ya wagonjwa yenye mwandiko wako wa saa tatu usiku, zamu iliyobandikwa mlangoni: piga picha vyote ukiwa bado pale. Kambi ikifungwa, makaratasi hupotea haraka kuliko mahema.

Wasioweza kudai ovataimu hii ni wale wanaosimamia watumishi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Kifungu cha 17(1) kimewatoa. Ajabu ni kwamba hao ndio majina yao huwa juu kabisa kwenye orodha ya malipo ya kambi, hata waliofika siku ya wageni tu, wakashika ndoo mbele ya kamera na kurudi mjini kabla ya mchana.

Dai lianze kwa barua kwa mkurugenzi, nakala kwa afisa utumishi na tawi la chama chako, iwe TUGHE au TALGWU. Weka jedwali la tarehe na saa, hesabu kama niliyoonyesha hapo juu, na uombe jibu la maandishi. Gongesha muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako. Usikubali kuambiwa jina lako "limeingizwa kwenye uhakiki wa madai yasiyo ya mishahara" bila namba ya kumbukumbu. Watu wamestaafu wakiwa ndani ya uhakiki.

Kinachofuata kinanikera. Mgogoro wa kikazi usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Lakini tangu marekebisho ya mwaka 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka mtumishi amalize kwanza njia zote za ndani ya sheria hiyo, na Mahakama ya Rufani mwaka 2022 ilishikilia hivyohivyo: ukiruka hatua, CMA haina mamlaka ya kukusikiliza. Njia zenyewe za ndani zimejengwa kwa ajili ya nidhamu, kwa mtu aliyefukuzwa au kushushwa cheo. Aliyedhulumiwa shilingi laki tano za ovataimu anaambiwa apande ngazi ambayo fundi aliitengenezea nyumba nyingine. Anaandika kwa mwajiri, anaandika Tume ya Utumishi wa Umma, anasubiri, na akifika CMA anaambiwa amechelewa. Kwa sasa, hesabu siku zako tangu tarehe ya jibu la kukataliwa, litunze jibu hilo, na kama umepitiliza, ambatisha maombi ya kuongezewa muda ukieleza ulikuwa wapi muda wote huo. Mzunguko wa ndani ni sababu ya kueleweka ukiuthibitisha kwa barua zenye mihuri.

Na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022? Imeweka kamati kuanzia Taifa hadi kijiji, imegawa majukumu ya uokoaji na misaada. Hanang' ilipofunikwa na tope Desemba 2023, na jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, wote tuliona watumishi wakifanya kazi bila kutazama saa. Nani alipe saa hizo? Kamati humwachia mwajiri, mwajiri hutazama fungu la matumizi mengineyo, na fungu hilo kwenye halmashauri nyingi hukauka kabla mwaka wa fedha haujaisha. Ingetosha sheria ikaamuru gharama za ujira wa ziada ziingizwe kwenye bajeti ya kila operesheni ya maafa kama yanavyoingizwa mafuta ya magari. Dereva hajawahi kuambiwa aendeshe kwa uzalendo tangi likiwa tupu.

Askari polisi aliyelinda kambi usiku kucha pembeni ya muuguzi yule ana hali mbaya zaidi: yeye hana hata kifungu cha 19 cha kubishania.