Tangi Tupu la Petroli Si Tupu

Karakana, viwanda na kampuni nyingi za usafirishaji huweka tangi la mafuta uani. Mtaalamu wa usalama mahali pa kazi anajibu maswali ya wasomaji.

Swali: Kwa nini petroli ihofiwe kuliko dizeli?

Jibu: Kinachoshika moto ni mvuke, si mafuta yenyewe. Dizeli hadi ipate joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo itoe mvuke wa kutosha kuwaka. Petroli huutoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hutuama mitaroni, na unaweza kulifikia jiko la mama lishe aliye mbali na tangi.

Swali: Tangi linavuja na tumeshatoa mafuta yote. Fundi alichomelee?

Jibu: Asilisogelee na moto! Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na mabaki kidogo yaliyonasa kwenye kutu yanatosha kufika hapo. Lisafishwe, lipitishiwe hewa, lipimwe kwa kipima gesi, kisha msimamizi atie saini kibali cha kazi ya moto. Wala mtu asiingie ndani bila kibali. Mvuke huo hulewesha na kuua.

Swali: Ukuta unaozunguka tangi ni wa nini?

Jibu: Ni wa kuzuia mafuta yasisambae tangi likipasuka. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 110: tangi la lita 20,000 linahitaji ukuta wa kuhimili lita 22,000. Lakini valvu ya kutolea maji ya mvua ikisahauliwa wazi, ukuta huo hauna kazi.

Swali: Geji yetu ni nzima. Bado tupime kwa kijiti?

Jibu: Ndiyo. Huko Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005, geji ya tangi moja ilikwama petroli ikiendelea kuingia, na swichi ya kuzuia kufurika nayo haikufanya kazi. Petroli ilimwagika, wingu la mvuke likalipuka, na watu zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Kabla lori halijashusha mafuta, pimeni nafasi iliyobaki, fungeni waya wa ethi kuzuia cheche za umeme tuli, na mhudumu asiondoke hadi kazi iishe.

Kesho asubuhi, kabla ya lolote, zunguka tangi lenu. Ukiikuta valvu ya ukuta iko wazi, ifunge.