Besi ya Mtumba: Anza na Shingo

Muuzaji wa gitaa la besi la mtumba atakuonyesha nembo kwanza. Atalitaja jina la Fender au Ibanez mara tatu kabla hujaligusa gitaa lenyewe. Mwache aseme. Wewe liombe, fumba jicho moja, uitazame shingo kutoka kichwani kuelekea tumboni, kama seremala anavyokagua ubao kabla ya kuulipia.

Halafu bana uzi mnene kwenye feti (vyuma vilivyokingama shingoni) ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame nafasi iliyobaki chini ya uzi pale katikati ya shingo. Ikipita vocha ya simu ya kukwangua bila kubanwa, shingo iko vizuri. Nafasi ikizidi kidogo, inarekebishika. Lakini shingo iliyojisokota, upande mmoja umeinuka na mwingine umelala, irudishe hata ukitajiwa bei ya kutupa. Vitu vingine kwenye besi hubadilishwa bila shida kubwa: daraja, pikapu, vitufe vya sauti, hata funguo za kukazia nyuzi. Shingo iliyojisokota ni gharama kubwa kuliko gitaa lenyewe.

Usiondoke dukani kabla ya kupiga kila feti kwenye kila uzi. Uzi ukikwaruza mahali pamoja tu, feti ya hapo imelika au jirani yake imenyanyuka. Ukikwaruza kila mahali, mara nyingi ni marekebisho ya shingo au daraja, na hilo si la kukukatisha tamaa. Chomeka waya, zungusha vitufe vyote polepole. Vikikwaruza, mara nyingi ni vumbi. Dawa ya kupuliza ya mafundi wa redio huliondoa. Wewe usiogope, ila mwombe muuzaji apunguze bei.

Nyuzi nne au tano? Vijana wengi wa kwaya siku hizi wanataka tano, ili wapate ule uzi wa B unaoshuka hadi karibu hezi 31. Tatizo ni kwamba spika ndogo ya nyumbani inahangaika hata na E ya kawaida, ambayo ni hezi 41. Anayeanza achukue nne. Mwenye vidole vifupi, au anayemnunulia mtoto, atafute besi yenye uzi wa inchi 30 badala ya 34 zilizozoeleka. Na kama besi ina betri ya volti 9 mgongoni, kumbuka kuchomoa waya ukimaliza kupiga, kwa kuwa nyingi hula betri muda wote jeki ikiwa ndani.

Tuje kwenye nyuzi. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Zanzibar, adui ni jasho na hewa ya chumvi. Nawa mikono kabla ya kupiga, na ukimaliza futa kila uzi, juu na chini, kwa kipande kikavu cha khanga kuukuu. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili, na inaongeza sana maisha ya nyuzi. Seti mpya ya besi ni ghali kuliko ya gitaa la solo, kwa hiyo wapiga besi wana ujanja wa zamani: vua nyuzi, zikunje, zichemshe kwenye maji kwa kama dakika 10, zikaushe kabisa, uzirudishe. Ukali wa sauti hurudi, ingawa si kwa muda mrefu. (Usitumie sufuria ya kupikia.) Lakini si kila mtu anautaka ukali huo. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike, na sauti yake nzito ndiyo iliyobeba nyimbo nyingi za kampuni hiyo. Ukipenda muziki wa dansi wa zamani, nyuzi zilizozeeka huenda zikakufaa kuliko mpya.

Shingo ikianza kupinda mbele kwa kuvutwa na nyuzi, ndani yake kuna chuma cha kuirekebisha. Tumia ufunguo unaoingia sawasawa, zungusha kulia robo mzunguko tu, kisha tuni upya uangalie. Ikigoma, usilazimishe, mpelekee fundi. Kwenye daraja, linganisha sauti ya uzi mtupu na ya feti ya 12 kwa tuna: hizo ni noti ile ile, moja juu ya nyingine. Ya feti ya 12 ikiwa imepanda kupita kiasi, rudisha nyuma kiti cha uzi huo. Ikiwa imeshuka, kisogeze mbele.

Kuhusu spika, usipige besi kwa sauti kubwa kwenye kikuza sauti cha gitaa la solo, maana koni yake inaweza kupasuka. Cha wati 15 hadi 30 kinatosha chumbani. Penye ngoma utahitaji wati 100 na zaidi. Waya wa gitaa usiutumie kuunganisha kikuza sauti na boksi la spika. Na ukihisi umeme unakutekenya mikononi au mdomoni ukigusa maikrofoni, acha kupiga hapo hapo. Waya wa ardhi wa ukumbi au wa mashine una hitilafu, na hiyo ni kazi ya fundi umeme. Plagi ya pini tatu isikatwe pini ili iingie kwenye soketi.

Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua gitaa zuri. Spika utaikuta kanisani, ukumbini, au kwa bendi utakayojiunga nayo.