Tangi lenye kufurika

Wakati wa baridi, nyumba nyingi za Uingereza hupashwa moto kwa maji. Maji hupashwa moto katika tanuru, hupita mabombani, huleta joto vyumbani. Katika nyumba za zamani kuna tangi dogo darini. Lina kazi gani? Maji yakipata moto huongezeka: litri 100 za digrii 10, zikifika digrii 80, huwa karibu litri 103. Litri zile 3 hupanda tangini.

Siku moja tangi lafurika. Mwenye nyumba ataka kuziba bomba lipandalo tangini. Fundi amkataza: «Usizibe! Maji ya moto yakikosa njia, tanuru litapasuka na kuua watu.»

Fundi azima moto, angoja maji yapoe. Kama tangi lingeacha kufurika, kosa lingekuwa kulijaza mno. Lakini maji baridi nayo yazidi kumwagika. Basi robine haifungi. Fundi atazama boya lake: limetoboka, limezama. Atia jipya. Maji yatulia.

Maulizo: 1. Kwa nini maji hupanda tangini? 2. Kwa nini fundi alingoja maji yapoe? 3. Kuziba bomba kungeleta hatari gani?