Kupiga harusi Kongowe kwa saksafoni, besi na dramu tu

Vyombo vilikuwa vimeshashushwa ukumbini Kongowe, huku Kibaha, mpiga kinanda aliponipigia simu. Kapata kazi nyingine mjini yenye dau nono, haji. Radhi hakuomba, na mpaka leo inaniuma. Mjumbe wa kamati ya harusi naye akaja juu: watu wamepungua, basi na malipo yapungue. Nikamwambia, "Mzee wangu, sikiliza kwanza, hesabu tutafanya mwisho."

Katika dansi yetu magitaa ndiyo yanayosuka wimbo, wapulizaji wanangoja zamu yao. Lakini mwaka 1957 mpiga saksafoni wa jazi Sonny Rollins alirekodi albamu ya Way Out West akiwa na Ray Brown kwenye besi na Shelly Manne kwenye dramu, basi. Hakuna piano, hakuna gitaa, na wimbo unasikika mzima. Nilikuwa nimemsikiliza sana, kwa hiyo sikutetereka.

Kupiga bila kinanda kuna mambo matatu. La kwanza ni ridi. Mimi natumia Vandoren namba mbili na nusu, sibadilishi. Zile za bei chee nilizouziwa Kariakoo zilipasuka upesi, na muuzaji hakutaka hata kuziangalia.

La pili ndilo lenyewe, na waliopita kwaya watalielewa haraka kwa solfa. Besi akiwa kwenye re, wewe shika do. Akihamia so, do yako ishuke ti palepale kwenye pigo la kwanza. Au shika fa: besi akiwa so, iache ibaki; akirudi nyumbani do, ishushe mi. Ni nusu toni tu, lakini sikio la msikilizaji linajijazia kodi yote iliyokosekana, yaani zile sauti ambazo kinanda kingezipiga pamoja. Katikati piga madoido upendavyo, ila besi akihama, tua hapo. Naye mwombe asitangetange wakati huo, maana akihangaika ti yako haina pa kuegemea. Mazoezini pigeni noti hizo peke yake, wimbo mzima, mpaka mtu asiyejua ala yoyote autambue.

Ndivyo tulivyoanza: dansi ya zamani, taratibu, dramu kwa brashi. Ubeti wa pili haujafika, mashangazi wa bibi harusi wakadaka wimbo wakaimba wenyewe, bila kutoka nje ya sauti yetu. Nilifurahi mno! Walikuwa wanasikia kodi ambazo hakuna aliyezipiga. Nikashusha saksafoni nikawaachia besi na dramu, ukumbi ukazidi kuchangamka. Na hilo la kunyamaza ndilo jambo la tatu. Yule mjumbe mwenyewe alikuja kututunza, akatubandika noti kwenye paji la uso.

Tulilipwa kamili, na fungu la mpiga kinanda tukagawana. Mpulizaji wa Kibaha au Kisarawe, usikubali kukatwa ujira kwa sababu ya kinanda. Tafuta besi makini, mjifungie mfanye mazoezi ya do na ti, kisha nendeni kazini.