Kunguni wa Maboga: Fanya Hivi, Usithubutu Vile

Haya ni kwa kila mwenye bustani, kuanzia Baraka kando ya ziwa hadi Fizi-Centre kule mlimani. Kwetu boga haliliwi tunda tu. Kabla tunda halijakomaa, majani yake yameshaliwa wiki nyingi, leo yenyewe, kesho lengalenga, kesho kutwa sombe, na bukari pembeni. Basi anayepuliza sumu kwenye boga anapuliza ndani ya chungu chake mwenyewe. Masharti yote yanayofuata yametoka hapo.

Mjue kabla hujamgusa. Kunguni huyu ni wa kahawia iliyokolea, urefu wake kama sentimita 2, na miguu yake ya nyuma imetanuka na kuwa bapa. Wataalamu humwita Leptoglossus. Ukimbana, ananuka. Hatafuni chochote: ana mdomo mwembamba wa kuchoma, hufyonza maji ya shina, ya jani na hasa ya boga changa. Boga lililochomwa hudondoka, au hukua na madoa magumu. Ukikuta majani yana matundu, huyo ni mdudu anayetafuna, kama mbawakawa, si kunguni. Usichanganye kesi hizo mbili.

Geuza majani kila siku ya tatu. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo watu wanapochoka. Kunguni hutaga mayai ya kahawia yaliyopangwa mstari mmoja kama shanga, kwenye shina au kwenye mshipa wa jani. Huanguliwa baada ya wiki hivi. Ukipita kila siku ya tatu, utayakuta bado mayai. Ukipita mara moja kwa wiki, utakuta watoto wameshatoka. Yakwangue kwa ukucha, au yabandue kwa kipande cha skochi. Watoto ni wa rangi ya machungwa iliyoelekea wekundu, hawana mabawa, na siku za kwanza hukaa kundi moja. Usiseme utarudi jioni. Maliza hapo hapo.

Amka mapema. Saa kumi na mbili asubuhi, kunguni mkubwa bado amepoa na hana mbio. Jua likishapanda ataruka, na wewe utabaki unapiga makofi hewani. Shika kopo la maji yenye sabuni ya kufulia chini ya jani, kisha tikisa jani. Wengi hujiangusha wenyewe. Maji matupu hayatoshi: ataelea, atashika ukingo, atatoka. Sabuni ndiyo inayomzamisha.

Usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Haijalishi muuzaji ni shemeji yako. Chupa isiyo na karatasi ya maelezo haikuambii ni sumu gani, ichanganywe kiasi gani, wala usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Na kwa mboga inayochumwa kila baada ya siku mbili tatu, hakuna "kusubiri" kunakowezekana. Papa mwenye pompe mgongoni, tafadhali, pita mbali na maboga ya mama.

Usipulize chochote asubuhi maua yakiwa wazi, hata maji ya sabuni. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. La kike hupata siku hiyo moja tu. Nyuki asipofika, hakuna boga. Ukiua nyuki, usije kumsingizia kunguni.

Maji ya sabuni yana kazi yake, lakini kwa watoto wasio na mabawa tu. Changanya kijiko kimoja kikubwa cha sabuni ya maji kwa lita 1, jaribu kwanza kwenye majani mawili, na upulize jioni. Osha majani vizuri kabla ya kupika. Majivu? Bibi zetu walitumia, sigombani nao, ila mvua moja ya mwezi wa kumi na moja na hakuna tena majivu.

Usitumie utupa karibu na maji. Mmea ule unaua wadudu kweli, lakini wazee waliutumia pia kulevya samaki, na wengi wetu bustani zetu ziko ukingoni mwa Mutambala au mita chache kutoka Tanganyika. Kinachooshwa leo na mvua kitafika kesho kwenye ndagala.

Usifunike miche kwa chandarua cha malaria. Kimetiwa dawa, na kuna mtoto anayepaswa kulala chini yake. Tumia kitambaa chepesi cha kawaida, na ukiondoe maua yakianza kufunguka, ili nyuki wapite.

Usiache maboga yatambae juu ya marakuja. Kunguni huyo anayapenda yote mawili.

Usiache mashina ya zamani. Mlimani kiangazi cha Juni hadi Agosti humnyima kunguni chakula, kwa kiasi fulani. Huku bondeni, penye unyevu mwaka mzima, boga linafuatana na boga na kunguni hafungi hata siku moja. Ukimaliza kuvuna, ng'oa mashina yote wiki hiyo hiyo, yachome au yafukie kwa kina, na upande kitu kingine mahali pale: mahindi, vitunguu, chochote kisicho jamaa ya boga wala tango.

Semezana na jirani. Kunguni mkubwa ana mabawa. Kwenye vibustani vilivyobanana, kama vile vya kambi ya Lusenda ambako wakimbizi Warundi walianza kupokewa mwaka 2015, mmoja akigeuza majani na wa pili akalala, wote wawili wamelala.

Wakulima wa Marekani wana kunguni wao wa maboga, Anasa tristis, ambaye hapa hayupo. Wao hulaza ubao chini ya mmea usiku, na asubuhi huugeuza na kuponda waliojificha. Jaribu, ubao haugharimu kitu. Ila usiuamini mpaka uone wa kwetu naye anaingia.

Na kama umeshapuliza dawa usiyoijua jina: usichume, usiuze sokoni, usimpe mbuzi. Ng'oa, fukia mbali na kisima na mto, nawa mikono mpaka kwenye viwiko.